Mambo ya Motokaa: Mafuta Mekundu ya Pikapu

Mkulima wa Molo hana haja ya kuelezwa thamani ya pikapu. Nchi yake iko juu, yapata meta 2,500 toka usawa wa bahari. Mvua ni nyingi, baridi ni kali, na njia za mashambani zikilowa huteleza kama sabuni. Viazi, kabichi na maziwa havina subira. Pikapu ya kubeba tani 1 huchukua magunia 20 ya viazi ya kilo 50, ikateremka nayo mpaka Nakuru kabla soko halijachangamka. Ikilala kwa fundi majuma mawili wakati wa mavuno, mwenye shamba hupoteza fedha mara mbili: za soko na za fundi.

Zamani pikapu karibu zote zilikuwa za klachi ya mguu na gia za mkono, na kijana aliyekaa gereji mwaka mmoja alizifahamu vema. Siku hizi ziko nyingi ambazo gia zake hujibadili zenyewe, na baadhi yake huletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimekwisha kutumika. Sheria ya Kenya hairuhusu motokaa iliyotumika kuingizwa nchini ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 8. Lakini hata miaka 8 ni mingi. Mnunuzi hukabidhiwa funguo na rangi inayong'aa, wala mara nyingi haambiwi giaboksi ilitiwa mafuta mapya lini. Mafuta ya injini huyakumbuka, maana kila fundi humkumbusha. Mafuta ya giaboksi huyasahau mpaka siku gari litakapogoma.

Chukua mfano wa mkulima wa viazi mwenye pikapu ya namna hiyo. Mwaka wa kwanza haikumsumbua. Mwaka wa pili akaanza kuona kwamba asubuhi akitia gia ya kwenda mbele, gari husita kidogo, kisha huruka kama punda aliyechomwa. Siku moja, akipanda kutoka Nakuru na mzigo wa mbolea, alipofika kwenye mlima wa Sachangwan injini ilinguruma kwa nguvu lakini mwendo haukuongezeka. Jirani yake akamshauri amwage mafuta yote ya giaboksi yaliyomo, atie mafuta ya injini aliyobakiza ghalani. Kwa bahati njema, kabla hajafanya hivyo, alimwendea mtoto wa ndugu yake, karani mjini, mwenye desturi ya kusoma kila karatasi inayokuja na kitu alichonunua.

"Mwanangu," akasema mkulima, "jirani asema mafuta ni mafuta. Wewe waonaje?"

"Sivyo, baba mkubwa," karani akajibu kwa adabu. "Nakuomba usiguse kitu kwanza. Je, mahali gari linapolala huoni matone?"

Mkulima hakujua. Mkewe, aliyekuwa akimwaga chai, ndiye aliyejua. Alikuwa ameona matone mekundu uani kwa muda wa mwezi mzima, akadhani ni damu ya kuku aliyechinjwa. Maneno hayo ya mama yaliokoa giaboksi.

Hapana budi msomaji afahamu sababu. Katika gari la gia za mkono, nguvu za injini hupita katika sahani ya klachi inayobanwa na kuachwa kwa mguu. Katika gari la gia zinazojibadili, kati ya injini na gia kuna chombo cha duara, mfano wa bakuli mbili zilizofunikana, ambacho mafundi hukiita konverta. Ndani yake mna magurudumu yenye mapanga, na kimejaa mafuta. Injini huzungusha gurudumu moja, gurudumu hilo huyarusha mafuta, na mafuta huyasukuma mapanga ya gurudumu la pili, mfano wa upepo unaozungusha kinu. Zaidi ya hayo, pampu huyakandamiza mafuta yaleyale yakabane klachi ndogo ndogo zilizomo ndani, kila moja kwa zamu yake, na hivyo ndivyo gia zinavyobadilika. Tena mafuta hayo hulainisha vyuma, kisha hupita katika mabomba mpaka kwenye kipozeo, mara nyingi karibu na radieta, ili yapunguze joto.

Basi ni dhahiri kwamba mafuta haya si ya kulainisha tu. Ndiyo yanayobeba nguvu, ndiyo yanayoshika gia, na ndiyo yanayopoza. Yakipungua, pampu hunyonya hewa, na hewa haina nguvu ya kubana kitu. Hapo ndipo gari husita, na klachi zikisuguana bila kubanwa sawasawa huungua.

Tena jambo moja zaidi: giaboksi iliyo nzima haili mafuta yake. Injini huweza kuunguza mafuta kidogo kidogo, lakini giaboksi haiyaunguzi. Mafuta yake yakiwa yamepungua, yamevuja. Karani alipolala chini ya gari aliona bomba moja la kwenda kwenye kipozeo limelowa, na kibano chake kimelegea. Kubadili mafuta bila kuziba mahali hapo ingekuwa sawa na kuteka maji kwa pakacha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kununua kibano kipya na kipande cha bomba, wala si mafuta.

Kazi ya pili ilikuwa kujua mafuta gani yanafaa. Watu wengi hudanganyika na rangi. Mafuta ya giaboksi hizi mara nyingi hutiwa rangi nyekundu kiwandani ili yasichanganywe na ya injini na ili yakivuja yatambulike. Rangi haionyeshi ubora wala aina yake. Mikebe miwili yaweza kuwa na mafuta mekundu yanayofanana kwa macho, na kazi zake zisifanane hata kidogo.

Tangu mwanzo mafuta haya yamekuwa kitu cha peke yake. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari yenye giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic mwaka 1939, na baada yake kila kiwanda kilitafuta mafuta yanayopatana na klachi zake. Kwa miaka mingi mafuta ya nyangumi yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyochanganywa humo, mpaka miaka ya 1970, Marekani ilipokwisha kuwalinda nyangumi hao kwa sheria, wataalamu wakalazimika kutafuta kitu kingine badala yake. Kama mafuta yoyote yangefaa, hakuna mtu angalijisumbua kufuata nyangumi baharini.

Jina la mafuta yanayotakiwa limeandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingine huandikwa kwenye kijiti cha kupimia. Kwa mfano, magari ya Toyota ya miaka mbalimbali hutumia mafuta yaitwayo Type T-IV au yale yaitwayo WS. Hayo ni mawili mbalimbali: WS ni mepesi zaidi, na mtu asitie moja mahali pa jingine kwa kubahatisha. Mkebe ulioandikwa kuwa hufaa magari yote usomwe nyuma kwanza, ukatafutwe humo jina lile lile lililo katika kitabu. Lisipokuwamo, mkebe urudishwe dukani.

Baada ya hayo kazi yenyewe yaweza kufanywa nyumbani na mtu mwangalifu. Vinavyohitajiwa ni spana za kadiri yake, karai pana, chombo chenye alama za lita, faneli yenye mpira mrefu, matambara safi yasiyotoa nyuzi, na kipande kipya cha kuzuia kizibo kisivuje. Mahali pawe tambarare na pagumu. Udongo wa Molo si mahali pa kuweka jeki. Jeki huzama, na aliye chini ya gari hana pa kukimbilia. Pikapu nyingi ziko juu kiasi cha mtu mwembamba kupita bila kuziinua. Ikiwa lazima kuinua, gari liwekwe juu ya vigingi vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, pande zote kwa urefu mmoja. Mawe na matofali yamekwisha kuua watu. Breki ya mkono ivutwe, magurudumu yatiwe kabari, gia iwe mahali pa kuegesha, na funguo zikae mfukoni mwa yule aliye chini.

Gari liendeshwe kidogo kwanza, yapata dakika 10, ili mafuta yapate uvuguvugu na kutoka pamoja na uchafu. Lakini yasiwe ya moto, kwani huunguza mkono vibaya.

Hapa pana kanuni moja ambayo haifai kusahauliwa: kizibo cha kujazia kifunguliwe kabla ya kile cha kumwagia. Baadhi ya pikapu zina kijiti cha kupimia, na mafuta hutiwa katika bomba la kijiti hicho. Nyingine hazina kijiti, bali zina kizibo ubavuni mwa giaboksi, na kizibo hicho huweza kuwa kimeshika kutu. Mtu akimwaga mafuta yote kisha akashindwa kufungua mahali pa kujazia, gari lake halitaondoka hapo ila kwa kuvutwa.

Mafuta yakimwagika yapimwe, na kiasi chake kiandikwe. Tena yatazamwe na kunuswa. Yakiwa mekundu na maangavu, ni mazima. Yakiwa ya kahawia, yamechoka. Yakinuka kama kitu kilichoungua, klachi zimeumia. Yakiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa waridi, maji yameingia, labda kutoka kwenye radieta, na gari lisiendeshwe mpaka fundi aone. Chini ya giaboksi kuna karai lake, ambalo mafundi huliita sampu, na mara nyingi ndani yake mna sumaku. Sampu ikifunguliwa ili kubadili chujio, unga laini wa kijivu juu ya sumaku hizo si ajabu; vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari mbaya. Wakati wa kurudisha sampu, nati zake zikazwe kidogo kidogo kwa kukingamana, kwa nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Giaboksi nyingi zimetengenezwa kwa alumini, na nyuzi za alumini huliwa upesi.

Yule mkulima alistaajabu kuona mafuta yaliyotoka ni machache. "Mwanangu, kitabu chasema lita 9, na hapa hazizidi 3. Nyingine ziko wapi?" Zilikuwa ndani ya konverta na katika mabomba. Gari likimwagwa kwa kizibo, mengi ya mafuta hubaki ndani. Kwa sababu hiyo kubadili mara moja si kubadili yote. Katika giaboksi ya lita 9 inayotoa lita 3, mara ya kwanza hubaki lita 6 za zamani zilizochanganyika na 3 mpya. Gari likiendeshwa siku kadhaa, kisha likamwagwa lita 3 tena, za zamani hubaki 4. Mara ya tatu hubaki pungufu ya 3. Kazi hiyo ikifanywa mara tatu katika muda wa majuma machache, giaboksi hupata mafuta mapya kwa upole, na gharama zake hugawanyika.

Njia hii ya polepole ina faida nyingine. Mafundi wengi huonya kwamba giaboksi iliyosahauliwa miaka mingi isisafishwe kwa mashine ya kusukuma mafuta kwa nguvu, kwani uchafu uliotulia huweza kung'oka na kuziba vijia vyembamba vya ndani. Hata hivyo, kama klachi zimekwisha kulika, mafuta mapya hayataziponya. Mwenye gari asiahidiwe na mtu yeyote kwamba mkebe wa mafuta utafufua chuma kilichokufa.

Mafuta mapya yatiwe kwa kiasi kile kile kilichotoka, pamoja na kile kilichopungua kwa kuvuja, kidogo kidogo huku yakipimwa. Kisha injini iwashwe, mguu ukanyage breki, na mkono upitishe gia zote polepole, kila moja kwa nukta chache, na kurudi mahali pa kuegesha. Kwa pikapu nyingi zenye kijiti, kipimo husomwa injini ikinguruma na mafuta yakiwa yamepata joto. Kitabu cha gari ndicho kitakachosema. Asubuhi ya Molo mafuta hukawia kupata joto, na anayepima upesi hudanganywa na kijiti. Kwa zile zisizo na kijiti, kizibo cha kupimia hufunguliwa chini injini ikiwaka, na mafuta yakiwa katika joto lililotajwa kitabuni, kwa magari mengi karibu na digrii 40. Yanayozidi hutiririka, na yakigeuka kuwa matone kizibo hufungwa. Asiye na chombo cha kupimia joto hilo, kazi hii ya mwisho ampe fundi aliye nacho, si aibu. Mafuta yakizidi hufanya povu, na povu, kama hewa, haliwezi kubana klachi.

Je, kazi hii ifanywe baada ya safari ngapi? Baadhi ya watengenezaji husema mafuta yao hudumu maisha yote ya giaboksi. Vitabu vingine hutaja kilomita 60,000 au 100,000, na hupunguza hesabu hiyo kwa gari la kazi nzito. Mkulima wa Molo na ajihesabu miongoni mwa wenye kazi nzito. Adui wa mafuta haya ni joto. Kanuni ya kukadiria ya mafundi ni kwamba yakipita digrii 80 hivi, kila ongezeko la digrii 10 hupunguza maisha yake kwa nusu. Kupanda Sachangwan na tani 1 nyuma huyachemsha. Kukwama topeni na kurusha gari mbele na nyuma, mbele na nyuma, huyachemsha zaidi; heri kushuka, kuchimba, na kutandika matawi. Wakati wa kuteremka mlima huo nako, asiwepo wa kutoa gia ili aokoe petroli au dizeli. Gari lisilo katika gia halishikwi na injini, breki hubaki peke yake, nazo zikipata moto huacha kushika.

Limebaki jambo la mafuta machafu. Yule mkulima alitaka kuyamwaga kwenye mfereji ulio nyuma ya boma. Mkewe, yule yule aliyeona matone, akamzuia. Mfereji ule huingia kijito, kijito huingia Mto Molo, na Mto Molo hushuka kaskazini mpaka Ziwa Baringo. Njiani watu huteka na mifugo hunywa. Mafuta yale yakatiwa katika mtungi wenye kifuniko, ukaandikwa maneno "si ya kula", na safari iliyofuata yakapelekwa gereji ya mjini inayokusanya mafuta yaliyotumika ili yachukuliwe na wenye idhini ya kazi hiyo.

Karani hakuondoka kabla ya kufungua daftari ndogo na kuandika tarehe, hesabu ya kilomita, jina la mafuta, lita zilizotoka na lita zilizoingia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hiyo ikatiwa katika kisanduku cha mbele cha gari, pamoja na kitabu chake.

Juma lililofuata pikapu iliondoka alfajiri na magunia 20. Mkulima alitia gia, akangoja kule kusita alikokuzoea. Hakukuona. Jioni aliporudi hakuingia nyumbani mara moja. Alichukua kipande cha boksi kikavu, akakitandika chini ya giaboksi. Asubuhi mkewe alikuwa wa kwanza kukitazama, nacho kilikuwa kikavu vile vile.